Ujumbe Umepokelewa, Lakini na Nani?

(Mada iliyotolewa na Ofisi ya Uratibu wa Miradi katika semina ya watumishi wa vituo vya nje)



Tunashukuru kwa nafasi hii. Tumeombwa tueleze namna ya kutumia vifaa vidogo vya mawasiliano ya setilaiti ambavyo baadhi yenu mnavibeba mnapokwenda vituoni, na hasa namna ya kutuma ule ujumbe uliotayarishwa mapema kwenda kwenye huduma ya usalama. Tutaeleza. Lakini tunaomba radhi mapema kwamba sehemu ya mada hii ni kukiri kosa, na kosa lenyewe ni la ofisi yetu. Tumeona ni afadhali mlisikie kutoka kwetu kuliko kulisikia barabarani.

Kwa nini tunavihitaji

Wengi wenu mnafanya kazi mahali ambapo simu ya mkononi haishiki. Ukitoka Longido kuelekea Kitumbeine, au ukishuka kuelekea Ziwa Natron, kuna mabonde na makorongo ambako unaweza kutembea nusu siku bila kuona hata alama moja ya mtandao. Minara inaongezeka, nasi tunashukuru, lakini visima, majosho na shule za awali vipo pia mahali ambapo minara haijafika.

Wazee waliotutangulia walilijua tatizo hili. Shirika la AMREF lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari wa kuruka kwa ndege, na baadaye hospitali na vituo vingi vya misheni vya Afrika Mashariki viliunganishwa kwa redio kol. Waliozitumia wanakumbuka kwamba kulikuwa na saa maalumu ya kuitana. Kituo kikiitwa kisijibu, jirani aliuliza: "Wenzetu wana nini leo?" Ukimya wenyewe ulikuwa habari.

Tunaomba mlishike jambo hilo, kwa maana ndilo msingi wa kila tutakachosema. Kifaa hakikulindi kwa kuwa tu kimo mfukoni. Kinakulinda pale ambapo mtu fulani anajua saa utakayosema neno, na anajua la kufanya usiposema.

Nchi nyingine zimeliweka jambo hili katika sheria. Katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, kanuni za usalama kazini zinamtaka mwajiri mwenye mfanyakazi anayefanya kazi peke yake aandike muda wa kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, amteue mtu wa kumtafuta mfanyakazi huyo, aweke kumbukumbu ya majibu, ahakikishe ukaguzi unafanyika pia mwisho wa zamu, na aseme nini kifanyike mfanyakazi asipopatikana. Hapo hakuna suala la mashine. Yote hayo ni wajibu wa watu. Huduma za usalama tunazozizungumzia leo zilitengenezwa ili kuwarahisishia watu wajibu huo.

Jinsi ujumbe unavyosafiri

Kifaa tulichonacho ni cha aina ya inReach. Kilianza kuuzwa mwaka 2011 na kampuni ya DeLorme ya Marekani, ambayo ilinunuliwa na kampuni ya Garmin mwaka 2016. Hakitumii minara ya simu. Kinatumia setilaiti za Iridium, ambazo ni 66 na huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita 780 hivi, kila moja ikimaliza mzunguko kwa dakika 100 hivi. Kwa sababu ziko nyingi na zinapita juu ya dunia yote, nyika ya Gelai nayo imo.

Ukibonyeza kutuma, ujumbe unapanda hadi setilaiti, unarushwa hadi kituo cha ardhini, unaingia kwenye kompyuta za kampuni, kisha unatoka kama barua pepe au ujumbe wa simu kwenda kwa yule uliyemwandikisha. Unabeba pia mahali ulipo, kwa namba za latitudo na longitudo. Ukiwa uwanja wazi, jambo hili huchukua dakika chache. Ukiwa chini ya miti mikubwa au ndani ya korongo jembamba, linaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo usikifungie kwenye begi chini ya nguo. Kivae begani, kionane na mbingu, na ukikiwasha kipe muda wa kujua mahali kilipo kabla hujatuma.

Sasa, ujumbe uliotayarishwa mapema ni upi? Ni maneno ambayo tunayaandika ofisini kwenye tovuti ya kifaa, tunachagua yaende kwa nani, kisha tunakiunganisha kifaa ili kiyapokee. Ukiwa porini huwezi kuyabadilisha. Kazi yako ni kuchagua na kutuma tu. Huo ndio uzuri wake, kwani mtu aliyevunjika mkono, au anayetetemeka kwa homa, hana nguvu ya kuandika barua.

Ujumbe huo tumeuelekeza kwenye kompyuta ya huduma ya usalama. Kompyuta inatambua kifaa ni cha nani, inasoma neno la kwanza, na inatenda. Ndiyo maana tunauita ujumbe wa amri. Neno moja linaanzisha kuhesabu muda, jingine linarudisha hesabu mwanzo, jingine linaifunga, na jingine linapiga mbiu. Muda ukiisha bila neno, kompyuta yenyewe inapiga mbiu kwa watu walioandikishwa, kwa kufuata utaratibu tuliouweka.

Mwinjilisti mmoja, mtu wa heshima kwetu, alituomba tuweke "Bwana Yesu asifiwe" mwanzoni mwa ujumbe wake, kwa kuwa hakuona vema kuanza na amri. Tukakubali. Siku hiyo alituma mara tatu, na mara tatu kompyuta haikuelewa, kwa sababu ilitegemea neno la kwanza liwe amri. Jioni ikatangaza kwamba amepotea, naye ameketi kwa mzee wa kanisa anakula ugali. Tumecheka naye, lakini somo tumelipata: neno la amri liandikwe kama huduma inavyolitaka, herufi kwa herufi, na salamu zikae nyuma yake.

Maneno manne, nafasi tatu

Tulihitaji maneno manne: ANZA, SALAMA, MSAADA na NIMEMALIZA. Kifaa chetu kina nafasi tatu za ujumbe wa namna hii. Tulikaa na mafundi na madereva tukajadiliana ni lipi libaki ofisini.

Tuliamua libaki ANZA. Safari sasa inaanzishwa ofisini au kituoni, mahali penye mtandao, anayeondoka na aliye zamu wakiwa pamoja. Wanaandika kwenye daftari njia, muda wa kukaguliwa na saa ya kurudi. Kisha anayeondoka anatoka nje na kutuma SALAMA ya kwanza. Ikifika, wote wawili wanajua kwamba kifaa kina chaji, ada imelipwa, na ujumbe unakwenda unakotakiwa. Isipofika, safari haijaanza.

Porini yanabaki maneno matatu. SALAMA ni ya kila saa mbili. NIMEMALIZA ni ya kufunga siku, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Mtu amefika nyumbani, amevua viatu, amepewa chai, na huku dereva ameshawasha gari kwenda kumtafuta. Tunaomba kila mmoja aitume kabla hajaingia mlangoni.

MSAADA ndiyo iliyotufikisha kwenye kosa letu.

Yaliyotupata

Msimu mmoja wa masika, siku ya Jumamosi, fundi wetu wa maji alikwenda kwa pikipiki kukagua pampu ya kisima. Yupo kati yetu leo, na ametupa ruhusa kulisimulia hili. Alifanya kila kitu kama tulivyomfundisha. SALAMA ya saa tano ilifika. SALAMA ya saa saba ilifika. Baada ya hapo, akivuka korongo lenye mawe, pikipiki iliteleza ikamwangukia, na mguu wake ukavunjika chini ya goti. Saa tisa alasiri alituma MSAADA. Baada ya dakika chache kifaa kilimwonyesha kwamba ujumbe umekwenda, na huduma ikamrudishia jibu kwamba umepokelewa.

Ni kweli ulipokelewa. Kompyuta ilisoma neno, ikaona mahali alipo, ikapiga mbiu dakika hiyohiyo. Mbiu ilikwenda kwa watu watatu, kama tulivyoiagiza.

Namba ya kwanza ilikuwa ya mtumishi aliyekuwa ameacha kazi kwetu mwaka uliotangulia. Laini yake ilishafungwa na kupewa mtu mwingine kabisa, ambaye alisoma ujumbe asioujua akaufuta. Ya pili ilikuwa barua pepe ya ofisi, na siku ya Jumamosi mchana ofisi imefungwa. Ya tatu ilikuwa simu ya ofisi ya uratibu, yaani sisi wenyewe. Ilipigwa mara mbili, kwa namba ndefu ya nje ya nchi. Tulikuwa kwenye harusi. Tuliitazama, tukasema hawa ni matapeli, tukairudisha mfukoni.

Saa mbili usiku mke wake alitupigia. Alisema, "Jamani, baba aliniambia atarudi kabla ya giza. Mbona kimya?" Ndipo tukafungua barua pepe na kukuta habari yote imekaa pale kwa saa tano, pamoja na namba za mahali alipo.

Tulitoka na gari saa tatu usiku. Korongo la kwanza lilikuwa limejaa, tukasubiri maji yapungue. Tulimfikia saa kumi na moja alfajiri. Vijana wawili wachungaji walikuwa wamemwona kabla yetu, wakamwashia moto na kumpa maziwa, na hao ndio waliomlinda na fisi usiku ule. Alipelekwa hospitali, akatibiwa, na leo anatembea, ingawa mguu ule humuuma baridi ikizidi.

Tulipokwenda kumwona wodini tulitegemea atatulaumu. Hakutulaumu. Alisema jambo moja tu: "Niliona imeandikwa umepokelewa, nikatulia. Nikasema, wanakuja." Akaeleza kwamba palikuwa na boma ng'ambo ya kilima. Jua lilipokuwa bado juu angeweza kujikokota apige kelele, asikike. Hakufanya hivyo kwa sababu alituamini.

Ndugu zangu, maneno hayo yametukaa moyoni. Kama tusingekuwa na kifaa kabisa, angejitafutia msaada mapema. Kifaa kilimpa ahadi kwa jina letu, na nyuma ya ahadi hiyo hapakuwa na mtu.

Tumebadilisha nini

Tuliketi na fundi mwenyewe, mke wake akiwepo, tukaandika upya utaratibu. Tunawaomba kila kituo mwufuate.

Kwanza, mbiu haiendi tena kwa jina la mtu. Inakwenda kwa simu ya zamu. Ni simu moja, ina laini yake, na anayepokea zamu anatia saini kwenye daftari. Mtu akiacha kazi, simu inabaki.

Pili, wapokeaji ni watatu, na mmoja wao hayupo katika ofisi yetu. Tumemwomba mchungaji wa usharika wa karibu na kituo, maana yeye anajua njia na anajua nani ana gari.

Tatu, namba ya huduma imehifadhiwa kwenye simu zote tatu kwa jina la HATARI POKEA, ili asiwepo tena wa kudhani ni tapeli.

Nne, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi tunatuma MSAADA ya majaribio. Anayetuma na mwangalizi mmoja ndio wanaojua saa. Tunaandika nani alipokea, na baada ya dakika ngapi. Mara ya kwanza tulipojaribu, simu ya zamu ilikuwa imezimika chaji. Tulishukuru kwamba tumelijua hilo Jumatatu ya majaribio.

Tano, na hili ndilo kubwa, jibu la kompyuta halihesabiwi kuwa ni jibu. Kifaa chetu kinapokea pia ujumbe. Aliye zamu anatakiwa ndani ya dakika 15 aandike kwa mkono wake: jina lake, kwamba amesoma, na anachofanya. Kwa mfano: "Ni mimi wa zamu. Nimeona ulipo. Gari linatoka saa kumi." Wewe uliye porini, mpaka uone jina la mtu, usikae ukingoje. Endelea kujisaidia: piga kelele, washa moto, sogea kwenye njia kama unaweza. Na ikipita nusu saa bila jina la mtu, bonyeza SOS.

Kitufe cha SOS

Hapa tuna kosa jingine la kukiri. Tulikuwa tumewafundisha kukiogopa kitufe hiki. Tulisema ni cha kufa na kupona tu, na kwamba kitaleta gharama kubwa. Ndiyo maana fundi wetu, mguu umevunjika, hakukigusa.

Ukweli ni huu. SOS haiji kwenye huduma yetu. Inakwenda kwenye kituo cha uratibu wa dharura kilichoko Montgomery, katika jimbo la Texas nchini Marekani, ambako watu wako macho saa 24. Hao wanawasiliana na wewe kwa ujumbe, wanawapigia watu uliowaandikisha, na wanatafuta vyombo vya uokoaji vya nchi uliyopo. Kubonyeza kwenyewe hakutozwi. Gharama inaweza kutokea pale ndege au gari la uokoaji linapotoka, na hilo ni jambo la ofisi kulipanga mapema kwa bima. Mtumishi aliye na mfupa uliovunjika asilihesabu.

Lakini mjue kwamba Texas ni mbali. Hawana gari Longido. Mara nyingi watakachofanya kwanza ni kupiga simu kwa watu walioandikwa kwenye orodha ya kifaa. Kwa hiyo tunarudi palepale: simu ya zamu ipokelewe, hata usiku, hata kama namba ni ngeni.

Ada, vibali na kuaminiana

Tuna mambo matatu mafupi kabla ya kumaliza.

La kwanza ni ada. Kifaa hiki kinalipiwa kwa dola, kwa kadi ya benki. Ada ikikatika, hakitumi chochote, hata SOS. Fedha za sasa zinatoka kwenye mradi, na kila mradi una mwisho wake. Tunaomba ada hii iingizwe kwenye bajeti ya kawaida ya kila kituo. Kama haiwezekani, ni afadhali tuvikusanye vifaa na kuwaambia watumishi wazi kwamba hawana ulinzi huo, kuliko kuwaachia kifaa kisicho na uhai. Vipo pia vifaa vya mfumo wa Cospas-Sarsat, ulioanza kuokoa watu mwaka 1982, ambavyo havina ada ya mwezi. Lakini hivyo ni vya kupiga mbiu ya hatari tu. Haviwezi kutuma SALAMA.

La pili ni vibali. Vifaa vya mawasiliano nchini mwetu viko chini ya TCRA, kwa hiyo asinunue mtu kifaa nje akakiingiza bila kuuliza. Kabla ya kuvuka mpaka, uliza sheria za huko. Na wale mnaosindikiza wagonjwa kwenda kutibiwa India, kiacheni ofisini. India inakataza kuwa na vifaa hivi bila kibali, na wapo wasafiri waliokamatwa kwa ajili yake.

La tatu ni kuaminiana. Baadhi yenu mmetunong'oneza kwamba kifaa hiki ni cha kuwachunguza: nani alilala wapi, nani alidai posho ya siku ambayo hakufika. Hofu hiyo tunaielewa. Mtu akihisi anachunguzwa, atakisahau kifaa nyumbani. Kwa hiyo tumekubaliana na Katibu Mkuu kwamba habari za mahali zitatazamwa tu kati ya ANZA na NIMEMALIZA, na hazitatumika katika madai ya posho wala katika nidhamu. Na atakayepiga mbiu kwa makosa hatakaripiwa. Ni heri tutoke bure mara kumi kuliko tusitoke mara moja inayotakiwa.

Hitimisho

Baada ya mada hii tutatoka nje uwanjani, na kila kituo kitatuma SALAMA yake. Kisha tutamwomba fundi wetu atume MSAADA ya majaribio. Hatutawaambia ni saa ngapi. Simu ya zamu leo iko kwa mmoja wenu humu ndani, naye anajijua.

Mke wa fundi wetu alitupa sharti moja tulipomaliza kuandika utaratibu. Alitaka naye aandikwe kwenye orodha ya wapokeaji wa safari za mumewe, kwa kuwa, alisema, yeye halali mpaka aone NIMEMALIZA. Tumemwandika. Na tumeamua kwamba kuanzia sasa kila mtumishi, kabla ya safari ya kwanza, atataja mtu mmoja wa nyumbani kwake atakayeandikwa pamoja na wa ofisini. Fomu ziko pale mezani kwa katibu muhtasi. Tafadhali asiondoke mtu kabla hajaijaza.